Upande wa Nyuma wa Daftari la Marehemu

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nikiwa karani kijana katika ofisi ya kupiga chapa hapo Kisii mjini, najiona bingwa wa kompyuta. Mzee Onduso aliteremka kutoka Nyaramba na daftari la marehemu kaka yake. Marehemu alikuwa ameandika humo kwa mkono jinsi shamba la chai litakavyogawiwa nyumba zake mbili, ya mke mkubwa na ya mke mdogo.

"Nitolee nakala safi," mzee aliniambia. "Mchana nawasomea familia."

Nilipitisha kurasa zote kwenye skana. Ilihifadhi pande za mbele kwenye folda moja na pande za nyuma kwenye folda nyingine. Programu ya kugeuza picha kuwa maandishi ilipaswa kuambiwa kwanza ichukue kutoka folda zipi. Sikuiambia kitu. Niliiacha na mipangilio ya jana, ya barua zilizoandikwa upande mmoja tu, nikabonyeza. Karatasi zilitoka zinapendeza, nikajipongeza. Mzee akaenda zake nazo, daftari akalisahau mezani.

Nilipolifunua baadaye, niligeuza karatasi moja moja. Nyumba ya mke mdogo yote ilikuwa upande wa nyuma. Marehemu, kama wazee wetu wengi, hakupenda kupoteza karatasi.

Niliogopa, mwanangu, wacha nikwambie ukweli. Nilipanda boda boda kwenda Nyaramba, na njiani nilifikiria kulitupa daftari mtoni ninyamaze. Nani angejua?

Nilifika mzee amemaliza kusoma, akikunja karatasi. Kemunto, mjane mdogo asiyejua kusoma, alikuwa amesimama na watoto wake.

"Shemeji, soma tena. Pengine umeruka mahali. Baba wa hawa hawezi kunisahau."

"Nimesoma yote, mama. Hii imetoka kwa kompyuta. Kompyuta itaruka aje?"

Vijana wa nyumba kubwa walinikazia macho. Nilisogea mbele na daftari. Nikasema, "Mzee, ni mimi niliyeruka," nikamfungulia daftari upande wa nyuma, akausoma wote mbele yao.

Kemunto hakunitukana. Alilichukua daftari, akalipakata, akaniuliza polepole, "Na kama hungelifungua, mwanangu, leo ningelala wapi na hawa?"

Hofu ya swali lile ninayo mpaka leo, na mvi hizi zote.

Kwa hivyo usibonyeze kabla hujaangalia mashine inasoma wapi, na inaacha wapi. Usiamini mipangilio ya kazi ya jana. Kazi ikitoka, ilinganishe na ile ya mkono, ukurasa kwa ukurasa, ukigeuza kila karatasi. Na ukikosea, nenda mwenyewe ukaseme, hata kama unaogopa.

Mungu akupe macho ya subira na ulimi usiojificha, mwanangu. Na asiwepo mama wa kukuuliza alivyoniuliza Kemunto.