Kikao cha Mahari na Blanketi la Bibi

Mtu anawezaje kushindwa kuvaa shati asubuhi, halafu kabla ya chakula cha mchana awashinde watu wazima kwenye kikao cha mahari? Swali hilo lilinikaa kichwani siku nzima, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia, niliona aibu kukosa jibu. Shahada yenyewe ilikuwa kwenye bahasha juu ya kabati, inasubiri ajira pamoja na mimi.

Asubuhi hiyo baba alikuwa amekaa kitandani, ameingiza mguu kwenye mkono wa shati. Hakuwa na wasiwasi. Alilitazama lile shati kama mashine aliyoletewa bila maelekezo. Mama akalitoa taratibu, akamwambia, "Tuanze na mkono huu, mzee wangu," akamfunga kifungo kimoja kimoja, akamvika na koti juu.

Ugonjwa ulikuwa umemjia kama mtu anayeshuka ngazi, akifika kidato anapumzika. Kwanza mdomo ulipinda kidogo na kikombe kikamdondoka mkononi. Baada ya siku chache akawa mzima, au karibu mzima. Shangazi alikuwa amemletea mafuta ya upako, basi mafuta yakachukua sifa. Miezi ikapita vizuri. Kisha jioni moja alisahau namna ya kufunga zizi. Aliweka miti chini na kusimama anaitazama, na ng'ombe nao wanamtazama yeye. Hali ikatulia tena hapo hapo. Safari hii baba mdogo alikuwa amepata kwenye grupu la ukoo maelekezo ya asali na kitunguu saumu, basi ushindi ukawa wa kitunguu. Kidato cha tatu alianza kulia akisikia matangazo ya vifo redioni, vifo vya watu asiowajua kabisa. Mimi nikamwekea kwenye simu michezo ya kuchangamsha kumbukumbu. Alipokaa miezi bila kushuka zaidi, niliandika ujumbe mrefu kwenye grupu kuhusu faida za sayansi. Kwa hiyo katika ukoo wetu kila mtu ameshamponya baba angalau mara moja.

Daktari wa mjini Mpanda alimpima presha mkono mmoja, akahamia wa pili, kisha akaniuliza kama nimewahi kwenda Majimoto kuona mashamba ya mpunga. Nikasema ndiyo.

"Mishipa midogo ya kichwani ni kama ile mifereji," alisema. "Mfereji ukiziba, jaruba lake linakauka, la jirani linabaki kijani. Kujua nini kinaanza na nini kinafuata, hilo kwa mzee limekauka. Mambo ya zamani bado yana maji."

"Lililokauka litarudi?"

"Siwezi kukuahidi. Vidonge vya presha vinalinda yaliyobaki. Asiviache hata akijisikia mzima. Na akirudia swali mara kumi, mjibuni mara kumi. Msibishane naye."

Vidonge nilivielewa. Huo ushauri wa mwisho niliuona si tiba bali adabu. Kwangu mimi mtu akiuliza jambo lilelile anastahili kuambiwa kwamba ameshauliza.

Nikarudi nyumbani, nikawaeleza ndugu habari za mifereji. Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia baba.

"Kaka, hebu niambie. Mahari ya bibi yetu ilikuwaje?"

Baba akaanza. Alitaja ng'ombe mmoja baada ya mwingine kwa rangi, akasema nani aliwaswaga kutoka huko Usukuma, yupi alivunjika mguu njiani na aligawiwa nani. Watu wakapiga makofi.

"Haya, msomi," baba mdogo akaniambia. "Mgonjwa wako huyo."

Hivyo ndivyo baba alivyobaki msemaji wa mahari ya mdogo wangu, binti wa baba mdogo. Kwetu mwenye binti hasemi. Anasema kaka yake. Nilipinga kwa wiki nzima. Niliogopa kitu kimoja: wageni wamcheke. Mtu akichekwa mbele ya wakwe haondoki tena na jina lake, na baba jina ndilo alilokuwa amebakiwa nalo. Mama aliogopa kinyume chake. "Ukimtoa kwenye kile kiti," alisema, "umemwambia amekwisha. Nani atamwambia? Wewe?" Siku ya kikao nikaenda kukaa naye nyuma ya pazia.

Wageni walitoka Majimoto. Msemaji wao alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mnene, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba na ana simu mbili mezani, zote zinaita. Nilimdharau mara moja. Dharau ya haraka ina raha yake.

Baba alifungua kikao kama hakimu. "Wageni, karibuni. Hapa hatuuzi mtoto. Ila hatumtoi bure pia, msije mkachoka na safari." Watu wakacheka. Ng'ombe wakasemwa, wakapunguzwa, wakaongezwa. Mama akanibana kiwiko: unaona?

"Na blanketi la bibi yake liko wapi?" baba akauliza.

"Lipo mzee, tena zito," alisema msemaji.

"Vizuri."

Wakahamia kwenye ng'ombe wa mama. Hilo lilipokubaliwa, baba akakohoa, akasema kwa sauti ileile, "Sawa. Na blanketi la bibi yake liko wapi?"

Kijana mmoja upande wa wageni akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika. Nilitaka kutoka nje ya pazia niseme, baba, umeshauliza. Mama akanishika gauni.

Msemaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzee, umetubana kweli. Blanketi lipo, na juu yake tunaweka mbuzi."

Upande wetu ukaguna kwa furaha. Kijana akaacha kucheka, maana mbuzi si jambo la kucheka.

"Mbuzi nimemsikia," alisema baba. "Blanketi la bibi sijalisikia."

"Aisee!" Msemaji akagonga meza mpaka simu moja ikaanguka. "Wazee wa huku mna roho ngumu nyie! Basi blanketi, mbuzi, na ng'ombe mtamba. Hapo mzee unatuua."

Wenzake walimtazama kama anayegawa mali ya watu. Baba mdogo aliinamisha kichwa kuficha meno. Na baba, kwa upole mkubwa, akafungua mdomo kwa mara nyingine, "Na blanketi..."

Msemaji alikuwa ameshasimama. Alitoka hadi kwenye gari, akarudi na blanketi kwenye mfuko wake wa nailoni, akalitoa, akamtandikia baba magotini. "Hili hapa, mzee wangu. Lishike mwenyewe."

Baba alilipapasa. "Ni zito kweli," akasema. Hakuuliza tena.

Wageni hawakuwa wamefika hata barabara kuu, baba mdogo tayari anahutubia. "Mmemwona kaka? Jambo moja tu! Anajifanya hajasikia, anajifanya hajasikia, mpaka mwenzake anachoka! Hiyo ndiyo akili!"

"Baba mdogo, alikuwa amesahau."

"Basi na wewe sahau hivyo, ulete mtamba nyumbani."

Wiki zile baba akawa maarufu kuliko wakati wowote wa afya yake. Mzee mmoja alikuja kwa baiskeli kutoka Katumba kuomba afundishwe mbinu. Mwingine alitaka kumpakia kwenye pikipiki ampeleke Mishamo na kurudi siku hiyohiyo. Baba mdogo alianza kupanga safari kama meneja wa bendi. Aliyemaliza jambo hilo ni mama. Aliweka kiti mlangoni, na kila aliyekuja alimwambia, "Mzee hasemi tena kwenye vikao. Ila mkitaka kumsalimia, karibuni chai." Wengi walikumbuka kwamba wana haraka.

Mimi nilibaki na vidonge. Kila asubuhi baada ya uji, kimoja, nikisimamia mpaka kimezwe. Nilijifunza pia kumpa shati tu, si shati na suruali na swali la anataka lipi. Kidato cha nne kilikuja hata hivyo, mwaka uliofuata. Baada ya hapo ng'ombe wa mahari ya bibi yake nao walimpotea kichwani, rangi moja baada ya nyingine. Kwenye grupu hakuna aliyedai sifa ya chochote.

Mdogo wangu alipojifungua, wakwe walikuja kuona mtoto, na msemaji akaja nao, na miwani yake ileile. Alimsalimia kila mtu haraka, kisha akavuta kiti, akakaa karibu na baba.

"Mvua imeshuka huko kwenu?" baba akamuuliza.

"Imeshuka mzee, ya jana ililaza mpunga."

"Vizuri." Akapuliza chai yake. "Mvua imeshuka huko kwenu?"

"Imeshuka. Vyura hawatuachi tulale."

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na kila jibu lilikuwa jipya. Nilimsindikiza msemaji hadi kwenye gari.

"Mzee, siku ile ya mahari ulijua kwamba baba anasahau?"

"Swali la pili tu nikajua. Mama yangu alikuwa hivyohivyo. Sisi tulimwita mchawi mpaka anakufa."

"Sasa mbuzi na mtamba vya nini?"

"Si ulimwona yule kijana wangu? Alishaanza kucheka." Alifungua mlango wa gari. "Swali la kurudiwa likijibiwa bure, watu wanaona ugonjwa. Likilipiwa, wanasema mzee ni mkali."

Niliporudi ndani nilimwambia mdogo wangu, ambaye alikuwa ananyonyesha. Hakushangaa. Alidhani nyumba nzima tunajua: ukoo wa mume wake ulikataa katakata kulipa nyongeza ile, na mbuzi na mtamba vilitoka kwenye zizi la yule msemaji mwenyewe.