Gazeti Liliandika Kwamba Wamerudi Kwao

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa asili ya Kasai, mkoa wa mbali. Baba yake aliletwa hapa Kolwezi kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapa, akaolewa hapa, na mtoto wangu wa kwanza alitokea mikononi mwake, mvua ilipokuwa imefunga njia ya hospitali. Kasai hakuwahi kukanyaga.

Miaka ile ya mwisho ya Zaïre, mishahara ya mgodi ikiwa haionekani, mume wangu alikuwa akimsomea mume wa jirani gazeti barazani. Gazeti la Lubumbashi liliandika kwamba wageni wa Kasai ndio waliokula kazi za wenyeji. La Kinshasa likasema ni chuki ya kale ya makabila. Dawa ya yote mawili ilikuwa moja: kila mtu arudi kwao.

Jirani, yule mama, akacheka. "Chuki ya kale? Tata, tulianza kuchukiana saa ngapi? Asubuhi, ao saa ya kula bukari?"

Tulicheka wote. Kisha vijana wakaja na petroli. Mume wangu alisimama mlangoni kwa jirani, akapigwa jiwe la shavu, na nyumba ikaungua vilevile.

Jirani na mumewe wakakimbilia kwenye kituo cha treni, wakalala nje pamoja na maelfu ya wenzao, treni haiji. Nilikuwa nikiwapelekea sombe ya majani ya muhogo. Siku moja mama yule akanishika mkono.

"Banasema niende kwetu. Mama, kwetu ni wapi?"

Nilimfunga kitambaa chake vizuri, nikakaa naye chini.

Mume wake alishikwa na kuhara, akafa kando ya reli. Tulimzika alasiri hiyohiyo bila sanduku. Treni ilipokuja, mama alipandishwa kwenye behewa la mizigo. Hakugeuka kututazama.

Baadaye gazeti likafika, na picha ya behewa. Mume wangu akasoma kwa sauti: wakazi wa asili ya Kasai wamerudi kwao kwa hiari, utulivu umerejea.

"Na tata tuliyemzika? Baliandika habari yake?" nikauliza.

Alitafuta ukurasa kwa ukurasa.

"Hapana."

Akaficha uso, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, watu wakipita barabarani. Yule mama, mpaka leo sijui kama alifika.