Mwaka Nilioikata Mikima ya Baba

Nilipostaafu ualimu, nilirudi Gatitu kulima kahawa nikiwa na uhakika wa mtu aliyefundisha jiografia miaka mingi bila kushika jembe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukata mikima, ile miti mirefu ambayo marehemu baba aliipanda katikati ya kahawa. Niliamini inakunywa maji ya kahawa na kuinyima jua.

Jirani yangu, mama mjane aliyelima maisha yake yote, alisimama kwenye ua wa mpaka wetu akinitazama.

“Mwalimu, na kivuli je?”

Nilichukua kijiti nikamchorea mizizi kwenye udongo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Sawa, mwalimu,” akaenda kukama ng’ombe.

Mwaka uliofuata mvua ya masika ilinyesha wiki mbili tu. Kahawa yangu ikageuka manjano, matunda yakadondoka mepesi kama makapi. Ya jirani, chini ya mikima yake, ilibaki kijani. Nililaumu udongo, kisha mbolea. Mwishowe nilimwambia mke wangu kwamba mizizi ya mikima ya jirani inavuka ua kutuibia maji. Aliniuliza kama nimelala vizuri.

Kwa bahati mbaya, nilikuwa nimeshaalika kikundi cha wakulima cha kanisani waje wajifunze kwangu. Walifika saa sita mchana. Nikaanza kuwaeleza ubaya wa kivuli. Kabla sijafika mbali, mzee mmoja alivuka kwa jirani akaketi chini ya mkima. Wa pili akamfuata. Punde wote walikuwa huko, nami nimebaki juani nikipaza sauti juu ya ua.

“Endelea tu, mwalimu, tunakusikia,” alisema yule mzee. Hakuwa akinidhihaki, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake asubuhi nilienda kwa jirani kuomba miche ya mikima. Hakucheka.

“Nipande lini?” nilimuuliza.

“Zamani ningekuambia. Siku hizi mvua inanidanganya hata mimi. Ndiyo maana nimechanganya ndizi, maharagwe, avokado na kahawa. Kimoja kikikataa, kingine kitanipa.”

Nilipanda miche ishirini. Minne ilikauka, miwili ikaliwa na mbuzi wangu mwenyewe, ambaye sikuwa nimemfunga. Iliyobaki imenifika kifuani, na kahawa bado inateseka. Mke wangu alipanda maharagwe kati ya mistari bila kuniuliza ushauri. Msimu huu, hayo ndiyo tuliyovuna.