Mchumba na Skafu ya Timu Iliyokufa Ikafufuka

Jumamosi nilipanda basi Tottenham kwenda Stratford, nikakaa nyuma ya mama wa Kizanzibari, binti yake, na kijana wa Kiuzbeki aliyevaa skafu ya timu ya mpira. Vituo viwili tu nikajua: kijana anataka kuoa. Nisisikilize? Mie? Nilisogeza mtandio sikio lipate nafasi.

Mama aliigusa skafu kwa ncha ya kidole. "Muulize, hii timu gani?"

Kijana akaeleza kwa Kiingereza, mkono ukipanda na kushuka. Babu yake aliishangilia tangu zama za Wasovieti. Ikabadilishwa jina mara tatu, ikashuka daraja, ikakosa mfadhili, ikavunjwa. Ikafufuliwa, ikaanzia chini kabisa.

Binti akatafsiri mbio: "Anasema timu kubwa, mama. Bingwa kila mwaka."

"Mwongo we! Miaka yote nauguza wazee wa Kiingereza, nazungumza nao kwa ishara?" Akamgeukia kijana kwa Kiingereza chake mwenyewe: "Ilipovunjwa, ulihamia timu gani?"

Kijana akaishika skafu kama anayeogopa kunyang'anywa. "Sikuhama, mama. Nilingoja."

Mama akabonyeza kengele ya kushuka. "Ijumaa alete wazee wake," akamwambia binti. "Na hiyo skafu aje nayo."

Marehemu mume wangu alishangilia timu yoyote iliyoongoza ligi. Laiti mama yangu angemuuliza habari za mpira badala ya ukoo, wake wenzangu ningewajua mapema.