Winchi Hajui Kubwaga

Asikudanganye mtu kwamba Winchi hakuwa na nguvu. Nguvu alikuwa nazo za kugawa bure na bado zikabaki. Miaka kumi na tisa alikuwa akihamisha watu nyumba: makabati, majokofu, mashine za kufulia, na mara moja piano nzima ya shule, ghorofa ya nne, kwa ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa imetundikwa kibao cha "Mbovu" mpaka kibao chenyewe kikafifia. Aliyembandika jina hilo la mashine ya kunyanyulia mizigo alikuwa mwenzake wa kazi, ambaye naye aliitwa Polepole, maana ndilo neno alilolisema ngazi nzima, kutoka juu mpaka chini.

Kazi yao ilikuwa na sheria moja tu, na haikuandikwa popote. Mnaposhusha mzigo, mmoja anakaa juu, mmoja chini. Wa chini anashuka kinyumenyume, haoni anakokanyaga, na mzigo wote umemwinamia kifuani. Wa juu ndiye breki. Ukishashika, huachii mpaka kitu kiguse sakafu, na kikigusa, kiguse bila sauti. Miaka kumi na moja Winchi alikaa juu na Polepole akakaa chini, wala hawakuwahi kuulizana nani aende wapi.

Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kujifunza judo. Jamani!

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa juu ya karakana ya baiskeli, una magodoro ya bluu yaliyoshonwa viraka na madirisha yasiyofunga vizuri. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mshona mapazia, mwembamba, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, na hakuna mwanamume pale ndani ambaye hakuwahi kubwagwa naye chali. Winchi alijifunza upesi. Kumvuta mtu mpaka asimame kwa vidole, alijua. Kupiga mtama, alijua. Kuingia chini ya mtu, kumpakia kiunoni na kumzungusha, hapo ndipo alipokuwa fundi hasa, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akipakia majokofu tangu ujana wake. Mtu alinyanyuka, miguu ikaelea, ukumbi mzima ukasema "Eeeh!" Halafu Winchi akamtua chini taratibu, mkono wa kulia umempitia mgongoni, kama anaogopa kukwaruza rangi.

"Winchi!"

"Naam, Mwalimu."

"Huyu ni mtu au ni kabati la vyombo?"

"Ni mtu, Mwalimu."

"Sasa mbona unamtua? Mkono wa kushoto bakiza kwenye nguo yake, asivunjike shingo. Huo wa kulia fungua! Mbwage, mgongo ulie!"

Wenzake walicheka. Winchi naye alicheka, mwaka wa kwanza. Baadaye haikumchekesha tena. Mkanda mweusi ulikuwa na mtihani, na mtihani ulikuwa na sharti: umbwage mtu chali, kwa kishindo, mbele ya waamuzi watatu. Kumlaza hakuhesabiki. Mara ya kwanza alimlaza mwenzake, mwamuzi akatikisa kichwa. Mara ya pili alimlaza mlinzi mmoja wa benki, akamlaza vizuri mno, hata yule bwana akiwa pale chini akamwambia, "Asante." Ukumbi ulivunjika mbavu. Winchi alirudi nyumbani kwa miguu, uso umekunjwa kama shuka lililolaliwa.

Na hii ya tatu ilikuwa ya mwisho. Chama chao kilikuwa hakipokei mtihani wa aliyevuka miaka arobaini, na Winchi alibakiza wiki nane. Maisha yake yote alikuwa amebeba vitu vya watu. Kila alichokishika mikononi kilikuwa na mwenyewe anayesimama pembeni akisema "angalia, angalia". Mkanda ule alitaka uwe wake, basi. Aliutaka mpaka unamkosesha hamu ya chakula.

Mwalimu akampa dawa. Akamshonea gunia la matambara, zito kama mtu mzima. "Mara mia kila siku," alisema. "Zunguka, likipita kiunoni, fungua mkono. Usifikiri. Zunguka, fungua. Mpaka mkono ujue wenyewe."

Winchi akalipeleka nyumbani. Siku ya kwanza mkewe alisimama mlangoni, ndoo mkononi, akimwangalia anavyolizungusha gunia chumbani, analilaza kitandani, halafu, kwa mazoea tu, analinyoosha mikunjo.

"Baba watoto," alisema, "hilo utalifunika na shuka pia?"

"Niache, mama, tafadhali."

"Nimekuacha. Usilibusu tu."

Lakini alikazana. Mia leo, mia kesho, mabega yanawaka moto, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Wiki ya nne, pale ukumbini, alimpakia kiunoni kijana mmoja kinyozi, akazunguka, na mkono ukafunguka. Puu! Madirisha yalitikisika. Kinyozi alibaki chali anaangalia taa, na Mwalimu akapiga makofi mara moja tu, lakini makofi hasa. Winchi alilala siku ile meno yote nje.

Siku tatu baadaye walikuwa wanashusha kabati la milango mitatu kutoka ghorofa ya tatu. Winchi juu, Polepole chini. "Polepole, polepole," anaimba yule wa chini. Wakafika kwenye kona ya ngazi, pale ambapo wa juu lazima ageuke, kabati limpitie kiunoni. Winchi akageuka. Kabati likampitia kiunoni. Na mkono wake wa kulia ukafunguka.

Hakuuamrisha. Ulifunguka wenyewe, kama ulivyofundishwa.

Alilidaka kwa kushoto, lakini lilikuwa limeshateleza hatua nzima na kumbana Polepole vidole kwenye chuma cha ngazi. Polepole hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Umeniachia." Vidole viwili vilipasuka, kucha zikang'oka. Hospitali Winchi aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Polepole alijibu, "Yameisha, ndugu yangu," lakini aliporudi kazini baada ya wiki mbili, bandeji bado mkononi, alipanda mwenyewe akasimama upande wa juu.

"Leo mimi nitakaa huku," alisema, akiangalia pembeni.

Kwa hiyo Winchi akashuka kinyumenyume, mzigo kifuani, na kila ngazi ilimchoma.

Siku ya mtihani alipangiwa mzimamoto, kijana mwenye shingo nene. Walikamatana kola, wakavutana, dakika mbili zikapita, jasho linatiririka. Halafu mzimamoto akakosea mguu. Winchi akaingia chini yake, akampakia, akamnyanyua. Safi kabisa! Mwalimu aliinuka kitini, miwani ikamwanguka kifuani. Hakukuwa kumebaki kitu ila kufungua mkono.

Winchi akazunguka, akausikia uzito unampita kiunoni, na pale pale akamwona Polepole na vile vidole. Mkono ukajifunga. Ukampitia mzimamoto mgongoni, ukamshusha, ukamlaza kwenye godoro bila kishindo chochote. Hakuna mwamuzi aliyenyanyua mkono. Kengele ikalia.

Mwalimu alikuja akakaa karibu naye kwenye benchi. Alifuta miwani kwa muda mrefu.

"Miaka sita, Winchi," alisema.

"Najua."

"Ulikuwa naye! Ulikuwa naye hapa!" Akajipiga kiunoni, akaondoka. Winchi aliikunja nguo yake ya mazoezi, akaufunga juu yake mkanda wake wa kahawia, na alitamani kuutupa dirishani.

Jumatatu walikuwa na jokofu la kushusha, ghorofa ya tano. Polepole alikuwa ameshasimama juu, kamba begani.

"Vipi mtihani?"

"Nimeanguka."

"Hukumnyanyua?"

"Nilimnyanyua vizuri tu."

"Sasa?"

"Sasa nikamtua!" Winchi alipaza sauti, mwenye nyumba akachungulia mlangoni. "Nilimtua taratibu, kama yai. Mkono ulikataa kumwachia. Umeridhika?"

Polepole alimtazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta kwa mkono wenye bandeji, mpaka machozi yakamtoka.

"Unacheka?" Damu ilimchemka Winchi. "Miaka sita nimepoteza, nafasi yangu ya mwisho imekwenda, na wewe unacheka?"

"Samahani, ndugu yangu. Samahani sana." Alikuwa bado anafuta macho. Akavua kamba begani, akamkabidhi Winchi. Akampita, akashuka ngazi mbili, akageuka, akazipa mgongo ngazi za ghorofa zote tano, na akaingiza mikono chini ya jokofu, na vidole vyake vibovu pamoja.

"Haya," alisema. "Polepole."

Winchi alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na hakuna hata moja lililokuwa zuri. Akakamata. Alishuka amenuna ghorofa zote tano, na jokofu lilipogusa sakafu halikutoa sauti.