Kengele Iliyopigwa Bondeni

Habari ilimkuta Shangazi kwenye geti la mwalimu mstaafu, kopo la kupimia maziwa mkononi, dumu likiwa wazi. Aliyeileta alikuwa mchunga mbuzi, jirani ambaye watu walimwita Polepole kwa sababu hata nyumba yake ikiungua, angetembea. Siku hiyo alikuja mbio. Shangazi alipomwona anakimbia, akafunika dumu kabla hajasikia neno.

"Dada, mbwa wako analia kule bondeni," alisema. "Nadhani amenaswa."

Shangazi akauliza ni yupi. Polepole akasema hakumwona, alisikia sauti tu. Vichaka vya kule vimejaa mitego, hakuthubutu kuingia. Mwalimu alibaki na sufuria yake tupu mkononi. Shangazi aligeuza baiskeli na kuondoka bila kuaga, yeye ambaye hakuwahi kutoka kwa mtu bila kusema "Mungu awalinde".

Mbwa hao ndio waliokuwa watoto wake. Alirudi kwa kaka yake, fundi seremala, baada ya kufiwa na mume, akiwa na sanduku, baiskeli ya marehemu na mdomo usiokosa jibu. Wifi yake alidhani amepata mgeni wa siku chache, kumbe amepata muuza maziwa wa maisha. Alfajiri Shangazi alichukua maziwa kwa wafugaji, kisha akayapeleka nyumba kwa nyumba, kwenye njia ya vumbi inayopita mashambani mpaka ukingo wa pori. Hakupiga hodi. Alipiga kengele ya baiskeli, na watu wakatoka na vyombo. Alipomaliza kupima, aliipiga tena, safari hii kwa ajili ya mbwa.

Walikuwa wawili, wa tumbo moja, aliowaokota wakiwa wadogo ndani ya gunia kando ya barabara. Dume aliitwa Bwana Afya, maana kila nyumba aliyofika alikagua jiko, choo na pipa la taka bila kuomba ruhusa. Jike aliitwa Kimya, kwa kuwa hakubweka hata kwa mwizi. Wateja walipomtania Shangazi kwamba mbwa wake wanakula vizuri kuliko watu, aliwajibu kwamba mbwa wake hawasengenyi.

Aliwafundisha jambo moja tu: kengele ikilia, waache wanachofanya, waje. Tangu wakiwa wadogo, kila walipoitika aliwapa utando wa maziwa kwenye kiganja. Hata wakimfukuza sungura, kengele ikilia walikata kona na kurudi, ulimi nje. Alijivunia jambo hilo mno, mpaka siku moja akalitaja katika sala, akiomba asamehewe majivuno.

Kisha kiangazi kile mitego ikaanza kuonekana. Watu wasiojulikana walikuwa wakitega vitanzi vya waya wa breki kwenye vijia vya wanyama, wakitafuta swala na nguruwe pori, na mahali pengine mitego ya chuma yenye meno, iliyofunikwa kwa majani. Kaka yake alimshauri awafunge mbwa nyumbani. Mtego wa panya, alisema, hunasa waliomo na wasiokuwemo. Shangazi akamwambia asiwe na shaka, mbwa wake hawavuki sauti ya kengele. Lakini asubuhi hiyo waliruka mtaro wakifukuza kitu, wakapotelea mteremkoni. Aliwapigia kengele, hawakuja. Akajipa moyo kwamba wametangulia nyumbani, akaendelea kupima maziwa.

Sasa alisimama juu ya bonde, Polepole nyuma yake. Chini hakukuonekana chochote ila vichaka. Akafanya alilolizoea: akapiga kengele, ili mnyama ajue kwamba anafuatwa. Kutoka chini mbwa akabweka. Alikuwa Bwana Afya, hai.

"Nakuja, baba," Shangazi aliita. "Nakuja."

Akaanza kushuka akiiburuta baiskeli, akipiga kengele kila baada ya hatua chache. Kila alipopiga, mbwa alijibu. Lakini jibu lilikuwa likikonda. Kwanza kubweka, kisha kukoroma, kisha sauti kama ya mtu anayekohoa usingizini. Shangazi alidhani mnyama anakata tamaa, kwa hiyo akapiga kwa nguvu zaidi, bila kupumzika, huku akisali kwa sauti. Majani yalitikisika mahali fulani mbele yake. Kisha yakatulia.

Walimkuta amelala ubavu, kitanzi kimezama shingoni. Waya ulikuwa umefungwa kwenye shina, umenyooka kama uzi wa mwashi. Nyuma yake, upande wa shina, udongo ulikuwa mzima na majani hayakuguswa. Mbele yake, upande aliotokea Shangazi, kucha zilikuwa zimechimba mifereji mirefu. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Huyu alikuwa ameuona ufuko wake, akauvutia kwa nguvu zote.

Shangazi alipiga magoti, akaingiza vidole chini ya waya. Polepole alimshika bega.

"Dada, usiipige tena ile kengele," alisema taratibu. "Alikuwa anakuja."

Hapo ndipo Shangazi alipokumbuka kwamba Kimya bado hajaonekana.

Hofu iliyomshika haikuwa kama ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa na miguu, ilimkimbiza. Hii ilimganda mwilini. Ikiwa Kimya naye alikuwa kwenye kitanzi, alikuwa ameisikia kengele yote ile tangu mwanzo. Shangazi hakuweza kumwita, hakuweza hata kulia. Alivua kilemba chake, akaizungushia kengele na kuifunga, kisha akailaza baiskeli chini taratibu kama anamlaza mtoto.

Polepole alikwenda kumwita fundi, wakarudi na koleo na fito ndefu. Waliingia vichakani mmoja nyuma ya mwingine, wakidunga ardhi mbele ya kila unyayo. Fundi, ambaye kwa kawaida hakosi utani hata msibani, alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye ndevu. Mahali fulani fito yake ilidunga rundo la majani, na chuma kikafumba kwa mlio wa mlango unaobamizwa. Fito ikakatika vipande viwili. Walisimama wakiitazama, kila mmoja akifikiria mguu wake.

Shangazi alisali bila kufungua mdomo. Hakuomba mengi. Aliomba kwamba Kimya awe mkaidi, mara hii tu katika maisha yake asiwe ameitika.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka walipomwona chini ya mti wa miiba. Alikuwa amelala kifudifudi, kitanzi kimembana mguu wa mbele juu ya goti, nyama imeachwa wazi. Alikuwa amevuta, udongo ulionyesha hivyo, lakini waya ulishika mguu, haukushika shingo. Alipomwona Shangazi, mkia ukagonga ardhi na mgongo ukaanza kuinuka.

Shangazi alijua kwamba mbwa akisimama atavuta tena. Alijilaza palepale, uso kwenye vumbi, kama mtu anayelala. Kimya alimtazama, kisha naye akashusha kichwa. Hivyo ndivyo Shangazi alivyomkaribia, kwa tumbo, kidogo kidogo, mpaka akamfunika kichwa kwa upande wa kanga yake. Fundi akaupata waya kwa koleo, akaukata. Kimya hakulia. Alitetemeka tu, naye Shangazi akatetemeka pamoja naye, ikawa vigumu kujua ni nani anayemtetemesha mwenzake.

Mguu ule ulipona, ingawa haukunyooka tena. Waliotega hawakujulikana. Shangazi aliendelea kuuza maziwa, lakini tangu siku hiyo alipiga hodi kwa mdomo, na kila mkono wa mwanamume uliotoka na sufuria aliutazama kwanza, vidoleni, kama una makovu ya waya.

Bwana Afya alizikwa asubuhi iliyofuata siku ile ya bondeni, nyuma ya karakana. Fundi alichimba shimo, Polepole akamsaidia. Wifi alileta gunia safi. Shangazi alimfuta mbwa vumbi usoni, akamtoa jani lililonasa sikioni, akamfunga mwenyewe. Alimuuliza kaka yake kama ni dhambi kumwombea mnyama. Fundi akasema hajui, lakini aliyemuumba ni yuleyule. Basi Shangazi akasali sala fupi, akisema kwamba aliitwa akaja, na kwamba kosa halikuwa lake. Kimya alichechemea mpaka ukingoni, akanusa gunia, akakaa. Waliteremsha, wakafukia, wakaweka mawe juu na matawi ya miiba ili fisi wasifukue. Kisha Shangazi akanawa mikono, kwa kuwa maziwa yalikuwa yanangoja.