Salamu za Jumamosi

Harufu ya pareto ikikauka kwenye mkeka huniumiza kichwa hadi leo nikiikumbuka, na katikati ya maua yale ndipo Mama alipoanika betri za redio. Betri zikilegea zilitolewa nje juani pamoja na mavuno, na kila aliyepita alizigeuza ili zipate joto pande zote. Zilipata nguvu kidogo, za jioni moja hivi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijijini kwetu Ikonge. Kaka yangu Nyabuto alikuwa amekwenda kusoma Urusi, na barua zake zilikuwa zimekatika muda mrefu. Mtu mmoja aliyerudi kutoka huko alimweleza Mama kwamba stesheni ya Moscow ina kipindi cha Kiswahili ambamo wanafunzi huwatumia salamu jamaa zao. Mama hakujua Kiswahili. Mimi nilikuwa na cha shule. Akaniambia, "Moraa, nitafutie mtoto wangu humo ndani."

Hakuna aliyenifundisha masafa mafupi. Mwanzoni nilisikia kama mafuta yakikaangwa na watu wakigombana kwa mbali. Nilikizungusha kitufe mbio, nisijue kwamba ukikisogeza kidogo tu umeshazipita nchi tatu. Baadaye nikajifunza kutulia. Cairo ilijulikana kwa Kurani, Addis Ababa kwa nyuzi zilizolialia, London kwa milio mifupi kabla ya habari. Moscow ilirudiarudia wimbo mmoja uliopigwa kama kwa kengele, kisha mtangazaji akajitambulisha. Siku niliyoipata nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia. Mama alichuchumaa karibu na kutega sikio.

"Wanasema nini?"

"Wanajenga bwawa."

"Na Nyabuto?"

"Bado, Mama."

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Mabwawa, matrekta, viwanda. Nilimtafsiria yote kwa Ekegusii, lugha yetu, naye alisikiliza kwa adabu kama mtu anayengoja mgeni amalize maneno yake.

Baba alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Kila Ijumaa, jua likikaribia kuzama, aliizima redio na kuifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, na hakuna aliyekigusa mpaka jua la Jumamosi lizame. Hatukuona kwamba tunapoteza kitu. Kisha Jumapili moja jirani yetu Mkatoliki, Mama Teresia, alipitia kwetu akitoka misa, uso umemchangamka.

"Jana tumemsikia Nyabuto wenu," alisema. "Amekusalimu, mama yake. Anasema kifua kinamsumbua, lakini usihangaike."

Mama alikaa chini pale pale kwenye maua ya pareto. Mama Teresia alishangaa kuona hatujui. Salamu za wanafunzi, alisema, huwa Jumamosi jioni, kabla ya jua kuzama. Nilimtazama Baba nikitaka aseme neno. Alisema, "Sabato ni Sabato," akaenda kufunga ng'ombe. Nilimchukia, na sioni haya kuliandika hilo.

Jumamosi iliyofuata Mama alitoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Mama Teresia, mimi nikimfuata. Alikaa kwenye kigoda akiipa redio mgongo, kana kwamba kusikia bila kutazama kungempunguzia dhambi. Wanafunzi walitoa salamu mmoja mmoja: kijana wa Tanga kwa wazazi wake, wa Machakos kwa mkewe. Nilimtafsiria kila moja. Aliwaitikia wote kwa kichwa, hata wale wasiomhusu. Nyabuto hakuwemo. Hakuwemo Jumamosi iliyofuata, wala zile zilizokuja baadaye, hadi mvua zikaanza na radi ikawa inameza kila kitu. Ijumaa moja Baba aliizima redio, akasimama na kitambaa mkononi, kisha akakiweka mezani na kutoka nje, redio ikabaki wazi. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo zito. Mama alikitazama kitambaa kile kwa muda. Akakichukua, akaifunika redio mwenyewe, akakinyoosha pembe zote.

Hatukupata habari nyingine, si ya uzima wala ya kaburi. Baba na Mama wamezikwa pale pale nyuma ya nyumba, pareto iling'olewa tukapanda chai, na mjukuu wangu hupata dunia nzima kwenye simu bila kuanika chochote. Redio ninayo mimi. Juzi niliiwasha nikazungusha kitufe polepole, kwa mkono ule ule wa zamani, nikapata mafuta yakikaangwa tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Milio ile bado ninayo kichwani: nipigie wimbo wa Moscow, nitakutajia kabla haujafika katikati. Sauti ya kaka yangu ndiyo iliyonitoka. Leo hii Nyabuto akisema redioni, itabidi ningoje atajwe jina.